Kata ya Sauna

Barafu ya ziwa bado yabeba lori.
Inspekta Aulikki Hietanen kavua glavu moja tu.
Chini ya sakafu ya sauna wamekuta mifupa
imelalia ubavu, kama mtoto aliyechoka kuitwa.

Bibi Tyyne anamimina kahawa. Hasemi.
Kwenye mwimo wa mlango, vimo vya watoto kwa penseli:
Eino, Kerttu,
na jina lililokwanguliwa kwa kisu,
ambalo halikurefuka tena baada ya vuli ya sitini na moja.

Siri ya mtungi aijuaye kata;
nayo kata inaning'inia msumarini, kavu.

Aulikki anafungua jalada la zamani.
*Alizama ziwani. Limefungwa.*
Sahihi anaijua:
ndiyo iliyokuwa chini ya ripoti zake zote za shule.

Anaivaa tena ile glavu.