Kwa Fundi Atakayeifungua Injini Kesho

Fundi Wassillie, kitabuni nimeandika mstari mmoja:
*Kipasha joto kisitumike. Kagua bomba la moshi.*
Mengine hayakuwa na safu ya kuandikwa.

Tuliondoka Betheli giza limeshakaza,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Nastasia Olick kiti cha nyuma
na mjukuu wa siku tisa ndani ya koti lake la manyoya.
Nilivuta kitasa cha joto mpaka mwisho.
Hewa iliyopita ubavuni mwa bomba la moto
ikaja kutulalia miguuni kama paka.
Bibi akavua glavu, akasema neno la Kiyup'iki
nisilolijua, nikalielewa.

Taa ya dari niliizima, nikabakiza ile nyekundu,
punje ya komamanga juu ya saa za injini:
jicho lililozoea giza halitaki fadhila za taa nyeupe.
Vioo vikaota ukungu, ukungu ukaota barafu;
nikakwangua tundu la kutazamia kwa kadi ya maktaba.

Kisha kichwa kikaanza, hapa, juu ya nyusi.
Nikalaumu kahawa. Nikalaumu usiku wa jana.
Bibi akaacha kuzungumza.
Mtoto akaacha kulia, nami, Mungu anisamehe,
nikashukuru.

Kile kidoa cha rangi ya chungwa
ulichokibandika mwaka jana, nami nikakucheka,
chini ya taa nyekundu hakikusema kitu.
Nikawasha nyeupe, nikaupoteza usiku wote wa nje.
Kidoa kilikuwa cheusi ti.

Moshi usio na rangi, usio na harufu.
Kilichotula kilikuwa nguoni mwetu,
kimejiita joto.

Nikasukuma kitasa. Nikafungua matundu yote ya hewa,
na dirisha langu, mpaka bawaba ikalia.
Baridi ikaingia bila hodi. Ramani ikarukia nyuma.
Bibi akazinduka, akanitukana;
hilo nalo nililielewa.
Dakika moja. Ya pili. Nilihesabu kwa sauti.

Mtoto akalia.

Lia, nikamwambia, lia, mwana wa watu, usinyamaze,
na dakika ishirini na sita zilizobaki
tuliruka ndani ya jokofu, meno yakigongana,
yeye akilia mpaka ski zilipogusa mto ulioganda.

Basi ukiuona ufa huo, fundi,
pengine hauzidi unywele,
usikimbilie kuuziba. Utazame kwanza.
Na uniwie radhi kwa mwandiko:
vidole viwili bado havijaisikia kalamu.