Damu Iliyoota

Namba tisa alikuwa amepona ugonjwa wa hewa.
Ndivyo tulivyouita wodini,
maana jina lake halisi liliwatoa ndugu mbio
kabla hatujauliza nani atabaki kukoroga uji.
Siku ya kumi na mbili tukampunguzia oksijeni.
Mzee Nangomwa akaomba ming'oko,
akasema, "Yenye chumvi, si kama chakula chenu,"
tukacheka, machozi yakaingia barakoani.

Siku ya kumi na nne akatetemeka
hadi kitanda kikagonga ukuta.

Nikafunua plasta mkononi mwake:
kanula niliyomchoma mwenyewe usiku wa kwanza,
tarehe kwa wino wa bluu, imefifia,
na chini ya ngozi mstari mwekundu
ukikifuata kiwiko kama sisimizi waliojua njia.

Usiku ule wagonjwa thelathini na mmoja, sisi wawili.
Bomba linakoroma tu. Mnaijua Newala:
maji yako bondeni, sisi tuko juu,
na kila ndoo hupanda mlima na bei yake.
Kitakasa mikono kiliisha saa nne.
Nilivaa glavu, ndiyo.
Glavu zilezile nilizomgeuzia namba nane.
Kwenye ripoti sikuandika hivyo.

Likwena wa maabara akavuta damu, chupa mbili,
akaziweka penye joto. Kuotesha, ndilo neno lao.
Lilikuwa neno la mzee pia:
miaka arobaini kule Kitangari
ameotesha miche ya mikorosho
kwenye vifuko vyeusi, kikombe cha maji kila asubuhi.
"Mbegu ikipata unyevu," aliniambia, "haiombi ruhusa."

Siku ya pili chupa zikaingia ukungu.
Likwena akasimama mlangoni, mguu mmoja nje.
"Imeota, sista."
Akasoma orodha ya dawa, taratibu,
kama anayesoma majina msibani:
sugu. Sugu. Hii nayo sugu.
Imebaki moja, haipo hapa, labda Mtwara mjini,
bei yake magunia mawili ya korosho,
na mnada bado.

Somoe, bintiye, hakuwa amekimbia.
Alikaa nje ya dirisha, hotpoti mapajani.
"Si mlisema amepona?"
Nilisema.
"Sasa hiki kingine kakipatia wapi?"
Mkono wangu wa kulia ukaingia mfukoni
bila mimi kuutuma.

Dawa ilifika Ijumaa, ndani ya boksi la barafu,
nyuma ya pikipiki ya Mchopa, vumbi mpaka kope.
Namba tisa kilikuwa kimeshatandikwa.
Kwenye cheti daktari akaandika kirusi.
Nikanyamaza. Kirusi hakikati rufaa.

Hotpoti ilibaki dirishani.
Nikanunua ndoo, nikanawa hadi kiwikoni,
nikanawa tena,
ndipo nikafungua.
Ming'oko, imepoa.
Ilikuwa na chumvi.