Ghorofa ya Kumi na Moja

Katowice, Februari. Lifti imekufa tangu Jumatatu.
Kitabuni mwa Kacper shujaa anapaa:
joho jekundu, dirisha moja, mkono mmoja, kwisha.
Wala hahemi.

Bogumila anahema.
Ngazi ya mia na arobaini anautua mtungi wa oksijeni,
anamtukana fundi wa lifti na ukoo wake wote,
anafuta miwani, anajitwika tena.

Juu, mzee Wincenty anafungua kwa hasira:
"Umechelewa."

Ni kweli. Dakika ishirini.
Anabadilisha mtungi, anaosha kikombe kimoja,
anashuka.

Kitabuni umati ungeshangilia.
Hapa ni Kacper tu, mlangoni, ghorofa ya tatu,
anasikiliza viatu vikiteremka,
kidole kimeteleza ukurasani:
hajui tena alikuwa amefika wapi.