Kitenzi Kimoja

Nilikuwa mkalimani. Andikeni hivyo.
Shilingi thelathini kwa mwezi, kaptura ya kaki,
na buti za polisi aliyefia Molo.

Siku ya kwanza kule juu, ukungu ulikuwa mzito
hata Bwana Disii akawa sauti tu.
Malori yalikuwa yamewashusha
watu waliofukuzwa mashamba ya Njoro na Rongai:
kuku vikapuni, mawe ya kusagia,
na mlango mmoja wa mbao ambao Kibuthu alikataa kuuacha
ingawa hakuwa na ukuta wa kuupachika.
Bwana alisema neno refu la Kiingereza,
lenye masharti ndani kama samaki mwenye miiba.
Nami nilikuwa na baridi. Nilikuwa na njaa.
Nikawaambia: Mmepewa.

Wanawake wakapiga vigelegele vitano,
kama kwa mtoto wa kiume.

Mwaka wa nne Nakuru ikaanza kupanda mlima kwa karatasi.
Ya kwanza ilikataza mahindi mtelemkoni.
Ya pili ilihesabu mbuzi.
Ya tatu ilisema shamba litarithiwa na mwana mmoja,
wengine waende Kwingine,
kana kwamba Kwingine ni mji wenye stesheni.
Kila karatasi ilikuja na mimi.

Wanjeri wa Kibuthu alikuwa na mahindi ya miezi tisa
(kule juu mahindi hukaa kama mimba),
askari wakayafyeka yakiwa na ndevu mbichi.
Hakulia. Aliniuliza,
"Karani, aliyekupa kitu
hurudi kukifyeka?"
Nikatafsiri: Anaomba radhi, Bwana.

Ndiyo. Ndivyo nilivyotunza amani,
huku nikipunguza pilipili, kule nikiongeza sukari,
mpaka serikali ikaamini inapendwa
na watu wakaamini inasikia.

Kisha usiku ukaota miguu.
Hakuna aliyenitajia kiapo.
Nilikijua kwa mbwa, walivyoacha kubweka;
kwa vijana walioamka na macho ya namna moja;
kwa uji, ambao sikukaribishwa tena.

Baraza la mwisho: meza, wino, orodha.
Kidole gumba au malori.
Kibuthu alikuja na ule mlango mgongoni,
sasa una bawaba, una alama za urefu wa watoto sita.
Akaulaza juu ya nyasi mbele ya meza.
"Mwulize," akasema, "siku ile alisemaje?"

Bwana hakuinua kichwa.
"Waambie wameazimwa. Tangu mwanzo, wameazimwa tu."

Nikasimama katikati.
Watu mia nne walikuwa wakitazama mdomo wangu
kama watu wanavyotazama wingu Machi.
Kupewa, kuazimwa.
Juu ya kitenzi kimoja walikuwa wamejenga nyumba,
wamezika watoto wawili wa homa,
wamepanda pareto, wamekula kiapo.
Na kitenzi kilikuwa changu.

"Bwana," nikasema, kwa Kiingereza changu cha misheni,
"wanasema walipewa.
Mimi ndiye niliyewaambia."

Alinitazama kama mtu anavyotazama nguzo ya ua iliyosema.

Hakuna kidole kilichogusa wino siku ile.
Ulikauka jua likiuangalia.

Usiku mtu aligonga kwangu. Hakuwa na taa.
Mbwa hakubweka.
Nilikuwa nimeshavua buti.