Chini ya Njia ya Ndege

Ndege hupita juu ya bati langu Kiwalani
chini kiasi kwamba vikombe hugongana kabatini
na sindano ya cherehani hutetemeka peke yake.
Miaka kumi na tisa, nazijua kwa mlio:
ya Mwanza ya alfajiri,
ya Zanzibar ndogo kama nyigu,
ile nzito ya usiku inayobeba watu wasionijua.
Sijapanda hata moja.

Kwa hiyo Nyamizi wa benki, pale Samora,
alipoziweka kadi mbili mbele yangu kama karata,
jicho lilikwenda lenyewe kwenye ya buluu
iliyochorwa bawa.

"Hii, Bi Sikujua, kila ukinunua inakupa pointi.
Pointi zikijaa, unasafiri. Bure."
Neno bure alilitamka taratibu
kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda.

Ya pili ya kijivu. Haina picha.
Ada ndogo, riba ndogo, imekaa kimya
kama mgeni aliyekuja na unga wake mwenyewe.

Nikaomba kalamu.
Sikujua ni jina, mama alinipa kwa sababu zake,
lakini hesabu najua.
Vitambaa vya sare nakopa Novemba, Mtaa wa Uhuru:
khaki marobota manne, nyeupe mawili.
Wazazi wanalipa Januari, wengine Machi,
na baba Sharifa ananiambia "kesho"
tangu mtoto yuko la pili. Sasa yuko la tano.
Miezi yote hiyo deni halilali,
linakula nami ubwabwa sinia moja.

Ada ya buluu kwa mwaka: laki mbili na nusu.
Riba yake niliuliza mara mbili, nikidhani masikio.
Na hizo pointi?
Muuza mkaa hana mashine.
Wa maji ya ndoo hana mashine.
Fundi anayenitilia mafuta cherehani
hana hata chenji.
Nikagawanya, nikajumlisha nyuma ya karatasi yao:
tiketi ya Mwanza, kwa Mwasiti wangu
na mjukuu ninayemjua kwa simu tu,
ingenifikia mwaka wa sita.
Mtoto atakuwa anajifunga mwenyewe kamba za viatu.

Wahenga walisema rahisi ghali.
Hawakuiona bure yenye ada.

"Na wewe," nikamuuliza, "unayo ipi?"
Akafungua mkoba, akanionyesha bawa.
"Limekupeleka wapi?"
Nyamizi akatazama mlango wa meneja,
akainama, akanong'ona: "Kibaha. Kwa basi."
Tukacheka mpaka mlinzi akageuka.
Kisha akanyamaza, akawa anazikuna namba kwa ukucha.
"Pointi zangu ziliisha muda mwezi wa sita," akasema.
"Walituma ujumbe. Sikuusoma."

Nikatia saini kwenye ya kijivu.
Siwezi kusema haikuniuma.
Mkono uliandika, jicho likabaki kwenye bawa
mpaka lilipofungiwa kwenye droo.

Leo alfajiri ya Mwanza imepita.
Vikombe vimesalimiana.
Nilikuwa macho, nakata kola;
nikanyanyua mkasi, nikasubiri mtetemo uishe,
maana kola ikipinda mtoto huchekwa paredi,
halafu nikaendelea.

Aprili, wakishalipa wa kulipa,
nitapanda basi la gizagiza.
Mgongo utauma kuanzia Dodoma.
Singida nitanunua mafuta ya alizeti, madumu mawili,
na kuku kama bei si ya wizi.
Nikifika nitambeba yule mtoto nje, nimwonyeshe juu:
ile pale, unaiona?
Asubuhi ilipita kwangu.
Iulize vikombe vyangu vina rangi gani.