Kasha la Boksi la Tambi

Maboksi nilipewa dukani kwa Mbarouk,
moja la tambi, moja la sabuni.
Akaniuliza, "Unahama, Bikombo?"
Nikamwambia, nahama hali nimekaa.

Sina rula. Napima kwa shibiri:
mbili urefu, moja na nyanda tatu upana,
kimo ni hapa, mkono unapozama hadi kifundoni.
Kisu ni cha kuparia samaki, nimekinoa kizingitini.
Boksi lina mifereji ndani yake, kama bati la paa;
ukilikata bila kuuliza mifereji inakwenda wapi
litajikunja lenyewe, likuache na aibu.
Basi tabaka hili mifereji imesimama,
la pili imelala, la tatu imesimama tena,
na katikati gundi:
unga wa ngano, maji, siki kidogo,
na makonyo niliyoyachemsha mpaka yakatoa rangi ya chai,
kwa sababu mende wa Wete hawana adabu,
hula hata cheti cha ndoa.

Kulikuwa na kasha humu chumbani.
La mkangazi, la njumu, droo tatu chini
na kijidroo cha siri ambacho sote tulikijua.
Humo Mama alitia udi, hati ya shamba,
risiti za karafuu za miaka ambayo bei ilikuwa bei.
Arubaini haijatimia,
kaka yangu Shaame akaja na mtu wa Unguja
mwenye tepu ya kupimia na viatu ambavyo hakuvivua.
Wanaume wanne walilitoa kwa ubavu.
Sakafuni zikabaki alama nne za miguu,
na vitu vya Mama juu ya kitanda, ndani ya shuka.

Sasa Raya wa Shaame anaolewa Ijumaa,
na mimi dhahabu sina.

Nimechukua kanga ya Mama,
ile iliyochanika mji lakini jina lake zima:
SINA NENO ILA SISAHAU.
Nikaitandaza juu ya kifuniko. Jina halikuenea.
Nikavuta huku, nikavuta kule,
herufi hazikubali kusogea.
Basi SINA NENO ikakaa juu, mbele ya wageni,
na lililobaki nikalikunja ukingoni, likaingia ndani,
upande wa chini wa kifuniko,
usipopaona mpaka ufungue.
Wallahi sikukusudia.
Mwanzo sikukusudia. Gundi ilikuwa mbichi bado,
ningeweza kuibandua.

Njumu zake ni vizibo vya soda,
nimeviponda kwa mchi hadi vikawa bapa.
Kitasa ni kifungo cha koti la Baba na kitanzi cha uzi.
Usiku nililigandamiza kwa kinu, mvua ikanyesha,
asubuhi pembe moja imevimba
kama shavu la mwenye jino bovu.
Nikaiacha.

Bi Mgeni wa mlango wa pili akachungulia:
"Leo takataka zimevaa kanga!"
"Na sisi, Bi Mgeni, ni udongo
tuliovaa kanga. Ingia unywe chai."

Shaame alikuja jana kuchukua vyombo vya harusi.
Akalinyanyua, akaligonga kwa kidole
vilevile yule mtu wa Unguja alivyoligonga lile.
Halikulia.
Akasoma juu, pole pole, "Sina neno,"
akacheka. "Hata mimi, dada, sina neno."
Akalitia kwapani, mkono mwingine ameshika sufuria,
akaenda zake.
Hakufungua.

Ndani kuna ubavu mmoja niliokosa kitambaa cha kuufunika.
Umebaki na mshale wake mwekundu wa kiwandani,
ule wa kuwaambia wapagazi juu ni wapi.
Raya atataka pa kuwekea wanja.

Nimefagia vipande.
Zile alama nne bado zipo, nimezikanyaga nikipita,
na kucha zangu zinanuka karafuu.