Sikio Moja

Saluni ya Bi Mwanatumu, Kibokoni.
Tunasukwa; simu imeegemea kopo la mafuta.
Jamaa anatuchambulia akili ya muuaji:
alinyimwa ziwa, alichapwa, alianza kwa kuchoma paka.

"Mie n'lichapwa kwa mwiko,
n'memuua nani?" asema Mwanakheri.
Rehani asifu sauti: tamu mno,
mtu hulala akasahau kuna maiti.
Bi Mwanatumu ataka tu wapunguze kucheka.

Mimi nilihesabu.
Jina la muuaji, mara arubaini na moja.
La yule dada wa duka la vitambaa, mara mbili,
na la pili wamelikosea.

Usiku natia komeo.
Narudi kulishika tena.
Kisha nawasha sehemu ya saba,
kwa sikio moja.
La pili nimeuachia mlango.